Maiki ya Kashindye

Filamu inayoanza na gari kupiga honi getini mimi siiangalii. Nimekwisha kusema na nitasema tena. Honi, mlinzi anakuja mbio, geti linafunguliwa upande mmoja, linafunguliwa upande wa pili, gari linaingia, mlango wa gari unafunguka, kiatu kinashuka, na hapo dakika saba za maisha yangu zimekwenda bila mtu kufiwa, bila mtu kusalitiwa, bila hata mtu kusema neno la maana. Kisha wanakaa kwenye sofa na kuanza kusalimiana. Mwisho wake ni harusi, au marehemu kurudi akiwa hai, au maandishi kwamba tutafute sehemu ya pili. Wateja wangu hucheka nikiyasema haya huku nimebana pini midomoni. Wanadhani natania, kumbe nina hasira ya kweli.

Naitwa Ng'washi. Ni fundi cherehani, nakaa barazani kwenye duka la vitambaa la Zohra, mtaa wa nyuma ya Makoroboi, hapa Mwanza mjini, na nyumbani kwangu ni Mkolani. Nina miaka thelathini na mitano, sina mume, na jioni zangu zote nimezimalizia mbele ya luninga. Picha za zamani nazipenda kwa sababu zilimwacha mtu alie mpaka amalize. Kamera ilikaa usoni pake na wewe ukakaa naye, utake usitake. Za sasa mtu akianza kulia tu wanamwekea kinanda, wanakuonyesha mvua dirishani, wanakuonyesha saa ya ukutani, wanarudi kwake ameshajipaka poda. Na kilio chenyewe ni cha matone ya duka la dawa. Chozi linashuka shavu moja, limenyooka, pua imekauka kabisa. Mtu anayelia kweli anatoka kamasi. Mimi nimelia, najua.

Kuna jambo moja tu ninalozisifu hizi za sasa. Mama akiondoka nyumbani kwake, siku hizi wanampa nafasi ya kusema kwa nini. Katika picha nilizokua nazo mama aliyeondoka alikuwa ndiye adui, na adui hakuulizwa kitu.

Elimu hii yote niliipata kwa baba yangu, Kashindye, mtafsiri wa picha wa Igoma. Ndiye aliyenifundisha kupenda picha. Ndiye pia aliyeninyang'anya mama yangu, na alininyang'anya kwa ufundi uleule aliopigiwa makofi na Igoma nzima. Naandika haya nikijua bado yuko hai na kwamba kuna atakayemsomea.

Kwa wasioyakuta mabanda ya video, nieleze. Lilikuwa banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao, luninga moja juu ya meza ndefu, na spika mbili kubwa. Pembeni ya luninga alikaa mtafsiri na maiki yake. Picha ikianza, alipunguza sauti ya wale walioigiza, kisha akasema yeye. Alikuwa mzee, alikuwa mtoto, alikuwa bibi harusi, alikuwa askari, alikuwa adui, wote kwa koo moja. Baba alikuwa bingwa wa picha za Kihindi, na Kihindi hakujua hata neno la kuombea maji. Kazi ya kuonyesha mikanda alifundishwa na mzee Harish, aliyekuwa na sinema mjini kabla haijafungwa, lakini lugha hakufundishwa na mtu. Ijumaa asubuhi alijifungia na mkanda peke yake, akazitazama nyuso. Jumamosi saa nane mchana alikuja na hadithi nzima, haina tundu.

Na watu walimpenda. Adui kwake alitoka Shinyanga, mpishi mwizi alikuwa mtu wa Sengerema, na banda lilicheka mpaka mabenchi yakasogea. Picha ikiwa ya kulia, alisimama kwanza akaonya kwamba atakayecheka atatoka nje. Kisha alilainisha sauti, na wanaume wazima, wapiga debe na wachoma nyama, wakafuta macho kwa mashati. Banda jingine likionyesha picha ileile, watu waliuliza kwanza kama ni tafsiri ya Kashindye. Kama si yake, hawakuingia.

Mimi nilikaa chini sakafuni, karibu na miguu yake. Picha iliyoniumiza kuliko zote ilikuwa ya mwanamke wa stesheni ya treni. Amevaa sari nyeupe, amesimama mbele ya mzee mwenye fimbo, na nyuma ya mzee kuna kijakazi amembeba mtoto. Mwanamke anasema maneno mengi, mikono ameinyoosha. Treni inapiga honi. Baba akaigeuza sauti yake ikawa nyembamba, akasema, "Mtoto ni wenu, mchukueni. Mimi nimechoka. Nina maisha yangu." Banda zima likaguna. Mwanamke akapanda treni, mtoto akabaki analia, na mimi nikavua kandambili yangu nikairusha kwenye luninga. Nilikuwa na miaka minane. Nilijua nitachapwa. Badala yake baba alininunulia soda, akawaambia watu kwamba mtoto huyu ameielewa picha.

Aliyasema hayo kwa sababu hadithi ya mama yangu ilikuwa hiyohiyo, kama nilivyoambiwa. Mama aliitwa Awuor, Mjaluo wa Sindo, ng'ambo ya ziwa upande wa Kenya. Alikuja Mwanza kwa biashara ya dagaa, akakutana na baba, wakaishi pamoja, nikazaliwa. Sijatimiza miaka mitatu, akaondoka. Nyumbani kwa bibi mzaa baba, Igoma, ndiko nilikokulia, kwa Kisukuma na Kiswahili. Nikimwuliza baba mama yuko wapi, alinijibu kwa mkato: umeiona ile picha ya stesheni?

Nilipokuwa na miaka tisa, mwanamke mmoja muuza dagaa alileta kanda kutoka kwa mama. Enzi hizo mtu asiyejua kuandika alikuwa akirekodi sauti yake kwenye kanda ya redio, akaikabidhi kwa msafiri. Baba aliipokea, akaigeuzageuza mkononi. Jumapili baada ya kanisa akaniketisha kwenye kiti, akaiweka kwenye redio kaseti. Ikatoka sauti ya mwanamke, ya taratibu, kwa Kijaluo. Niliisikia labda kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Kisha baba akapeleka kidole gumba kwenye kitufe cha sauti, akaipunguza, kama alivyofanya kila Jumamosi, akaanza kusema yeye.

"Anakusalimia. Anasema yeye mzima. Anasema ameolewa huko, ana mtoto, anaitwa Akoth. Anasema wewe usome kwa bidii, usimsubiri, maana hana mpango wa kurudi."

Chini ya sauti yake bado nilimsikia yule mwanamke. Neno Akoth lilirudi, likarudi tena.

"Akoth ndiyo nani, baba?"

"Si nimekwambia? Mtoto wake mpya."

"Mbona anamtaja sana?"

"Anampenda," baba akasema.

Kanda ilipokwisha, alisema mtu akitumiwa kanda lazima ajibu, ndiyo adabu. Akaenda bandani akaleta maiki yake, akaichomeka kwenye redio, akaweka kanda tupu, akanipa maiki niishike mwenyewe. Ilikuwa nzito na ilinuka mate yake. Hakunifundisha la kusema, hilo nalikubali. Aliniuliza tu, "Unataka umwambie nini?" Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, "Mama, mimi sikuhitaji. Baki na Akoth wako. Usinitafute, wala usinitumie kanda tena." Baba akabonyeza kitufe. Akanisifu kwamba nimesema bila kutetemeka. Kanda ikaondoka na yule muuza dagaa, na baada ya hapo haikuja nyingine.

Miaka ishirini na mitano nilijivunia maneno yale. Nilidhani ndiyo siku niliyokuwa jasiri kuliko zote. Picha yoyote yenye mama na mwana kukutana mwishoni niliizima kabla hawajakumbatiana, na nikawaambia wateja kwamba huo ni uongo wa watengenezaji, kwamba mama aliyeondoka huwa ameondoka. Nilisema hivyo nikipima viuno vya watu. Wengine walikuwa wameachwa na mama zao, nikawaumiza bure.

Sasa nije kwa Zohra, ambaye kwa heshima namwita Mama Kausar. Ana miaka sitini na kitu, babu yake ndiye aliyefungua lile duka. Kausar, binti yake, alimwekea luninga dukani, na mchana wateja wakipungua anatazama picha za zamani za Kihindi huku akikunja vitambaa. Mimi natazama kutoka barazani kupitia mlangoni, mguu kwenye pedeli. Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, akaweka moja. Nikaiona stesheni. Nikaiona sari nyeupe.

"Mama Kausar, huyo mwanamke simtaki hata kumwona," nikamwambia. "Sasa hivi anamtupa mtoto."

"Anamtupa wapi?"

"Msikilize. Anasema, mtoto ni wenu, mchukueni, mimi nimechoka, nina maisha yangu."

Zohra akaishusha miwani yake, akanitazama. "Nani kakwambia anasema hivyo?"

"Ndivyo anavyosema. Naijua hii picha tangu utoto."

Akachukua rimoti, akairudisha nyuma. "Njoo ndani. Njoo hapa. Huyu mzee ni baba mkwe wake, umeona? Mume amekufa, wanamfukuza. Anawaambia, nipeni mwanangu. Nitalala nje ya ukuta wenu, nitafagia uwanja wenu, mabaki yenu nitakula, lakini nipeni mwanangu. Wanamnyima. Wanampandisha treni kwa nguvu. Huyoo, ona mkono wa yule askari, unamsukuma."

Nikautazama mkono wa askari. Ulikuwepo. Ulikuwepo siku zote, na mimi sikuwahi kuuona, kwa sababu sauti ya Kashindye ilikuwa imeniambia pa kutazama.

"Labda hii ni nyingine," nikasema.

"Ni hiihii, Ng'washi. Mimi niliitazama na marehemu mama kwenye sinema ya Harish. Tulilia, tukashindwa kupika siku hiyo."

Nilirudi barazani nikakaa na sketi ya mteja mapajani. Sikushona. Nilichokuwa nakiona si stesheni tena. Nilikuwa nakiona kidole gumba cha baba kinashuka kwenye kitufe cha sauti.

Baba sasa anaishi Usagara, kwa dada yake. Alipohama aliniachia sanduku lake la bati lenye mikanda, likakaa uvunguni kwangu Mkolani likila kutu. Nililivuta siku hiyohiyo. Chini kabisa, chini ya mikanda ya video, nikaikuta kanda ndogo ya redio. Kwenye karatasi yake ameandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa: AWUOR. Aliitunza miaka yote hiyo. Nadhani alishindwa kutupa kanda, mtu wa kazi ile.

Igoma kuna fundi redio anaitwa Yeremia, Mjaluo wa Rorya, mtu mzima, mvi zimemjaa. Ndiye pekee niliyemjua mwenye redio kaseti inayofanya kazi. Nikamwamkia, nikaiweka kanda mezani.

"Mzee wangu, nataka unitafsirie hii. Sitaki unipunguzie wala uniongezee. Neno likiwa baya, nipe hivyo hivyo. Niapie."

"Mimi nafunga nyaya, mama. Maneno kuyapamba sijui."

"Niapie."

Akaapa kwa jina la Mungu. Akaweka kanda, akasikiliza kipande, akaisimamisha, akanitazama.

"Anasema, Akoth, mwanangu. Ni mimi mama yako."

"Akoth ni nani?"

Yeremia akashangaa. "Si ndiyo wewe? Anaongea na wewe. Akoth ni mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha."

Nikamwambia aendelee. Aliendelea kipande kwa kipande, kidole kikibonyeza na kuachia, na nikayapata yote. Mama alikwenda Sindo kumzika baba yake. Alimwahidi Kashindye siku kumi na nne. Mama yake naye akaugua, akakaa naye mwezi na nusu. Aliporudi Mwanza, chumbani kwao walikuwa wanaishi watu wengine. Alifika mara mbili kwa bibi yangu Igoma, akazuiwa mlangoni, mara ya pili akamwagiwa maji. Hakuolewa. Hakuwa na mtoto mwingine. Alisema anaongea lugha hii kwa sababu ndiyo aliyoninyonyeshea, na anaamini bado ninayo. Alisema Kiswahili anakielewa, nimjibu kwa chochote nitakachoweza.

"Hapa mwisho," Yeremia akasema, na sauti yake ikawa imepungua, "anasema hivi. Akoth, mimi sitawaamini wao tena, nitakuamini wewe. Ukiniambia nije, nitakuja hata wakinipiga. Ukiniambia nisije, sitakuja. Nitakalolisikia kwa mdomo wako ndilo nitakalolishika. Nasubiri sauti yako, mwanangu."

Kanda ikapiga kelele ya utupu, akaizima.

"Hilo neno analolirudia," nikasema, "nyathina."

"Ni mwanangu. Amelisema mara kumi na moja. Nilikuwa nahesabu, samahani."

Nililia palepale, katikati ya redio zilizofunuliwa matumbo, kamasi likashuka mpaka kidevuni. Nililia kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa aliyeshika maiki nzito. Nilimchukia pia mtoto yule. Alikuwa amejivuna sana.

Siku ya pili nikaenda Usagara. Baba alikuwa nje ya nyumba ya shangazi, kwenye kiti cha plastiki, anatazama tamthilia kwenye simu. Ameizima sauti. Midomo yake ilikuwa inacheza taratibu, anajitafsiria mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa, Ng'washi. Hii tamthilia mbovu. Wiki ya tatu leo, adui hajulikani."

"Baba, Akoth ni nani?"

Akaiweka simu gotini. Pikipiki tatu zikapita njia panda.

"Nani amekutafsiria?" akauliza.

"Fundi redio, Igoma."

"Anatafsiri vizuri?"

Namweleza mtu huyu jinsi alivyo. Hilo ndilo alilolitaka kujua kwanza.

"Anatafsiri kilichosemwa," nikamjibu. "Wewe ulijua alichosema?"

"Kijaluo nilikijua kidogo tu, cha sokoni. Mengi yalinipita."

"Akoth halikukupita. Hilo ni jina langu, na ulilijua, ulikuwepo nikizaliwa. Ukaniambia ni mtoto wake mwingine."

Akajikuna goti. Mikono yake imezeeka, lakini koo lake bado ni lilelile, laini, la kukufanya umwamini. "Ng'washi, picha ya kulia lazima iwe na adui. Bila adui watu hawajui machozi wayapeleke wapi. Na katika ile picha yetu tulikuwa wawili tu, mimi na mama yako. Yeye hakuwepo."

"Nilikuwa na miaka tisa, baba."

"Ndiyo sababu. Ungejua, ungenichukia mimi. Na mimi ndiye niliyekuwa nakupikia uji."

Ni kweli alinipikia uji. Kila asubuhi, kabla ya shule, na alikuwa akiupuliza upoe. Ndiyo maana hasira yangu haiishi. Nikasimama. Nilitamani kumrushia kandambili usoni kama nilivyoirusha ile siku. Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita.

"Alivyokutafsiria huyo fundi," akauliza, "ulilia?"

Niliondoka bila kumuaga shangazi.

Yeremia ana ndugu Shirati, na wa Shirati wana ndugu Sindo. Ilichukua wiki tatu kuulizana. Jumamosi moja mchana akanipigia, akasema amepata namba ya mjomba wangu, na kwamba Awuor yuko hai, anaishi kwa mjomba, anauza mboga. Nikafunga cherehani. Zohra nilipomwambia, akanivalisha mtandio wake mwenyewe, akasema, "Nenda, mama. Nenda. Mwisho wa ile picha hujauona, nilikuzimia mapema. Wanakutana." Njia nzima hadi Igoma, mimi niliyezima picha zote za aina hiyo, nilikuwa naipanga picha yangu mwenyewe: atasema nini, nitasema nini, atalia, nitalia, Pasaka nitakuwa Sindo.

Yeremia aliweka simu juu ya meza katikati ya bisibisi, akaifungulia sauti. Nilimwapisha tena. Alisema kiapo kile bado kipo, lakini nikataka kingine, akanipa. Akaongea na mjomba kidogo. Kisha kukawa na kelele za kuku, mlango, hatua, halafu sauti. Niliijua. Ilikuwa imekuwa nzito, lakini ni ileile ya zile pumzi tatu.

"Mama," nikasema. "Shikamoo, mama. Ni mimi, Akoth."

Akasema maneno machache kwa Kijaluo, kwa Yeremia.

"Anasema Kiswahili anakielewa, ila hakisemi tena. Alikiacha siku alipopata kanda yako."

"Mama, nilidanganywa. Niliambiwa Akoth ni mtoto wako mwingine. Sikujua kama ni mimi. Yale maneno nilimwambia mtoto mwingine, sikukwambia... Mzee Yeremia, mwambie na wewe. Mwambie yote."

Yeremia alimwambia. Alisema kwa muda mrefu, kwa upole, ameinamia simu, na nilisikia jina la Kashindye ndani yake, na jina langu. Upande wa pili hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, mama akasema. Niliyasikiliza maneno yake moja moja, nikitafuta lile moja ninalolijua. Nilikuwa nimejiambia likitokea hata mara moja litanitosha. Halikutokea.

Yeremia alikuwa anaitazama meza.

"Tafsiri," nikasema.

"Mama..."

"Uliapa mara mbili."

Akashika bisibisi, akaiweka chini. "Anasema Akoth alimwambia asimtafute, hakumtafuta. Anasema Akoth alimwambia abaki na Akoth, na yeye amebaki naye. Yuko naye pale nyumbani, hajafika miaka mitatu, anamwota kila siku. Anasema huyo ndiye wake. Wewe sauti yako aliisikia mara moja tu, na aliitii. Anaomba umwache na mtoto wake."

"Ameshakata?"

"Bado yupo."

Tulikuwa tunamsikia anapumua. Hapakuwa na kinanda wala mvua dirishani, lilikuwa jua kali la saa nane, saa ileile ambayo banda lilikuwa likijaa. Nilijua ingenipasa niseme kitu, na kwamba kila nitakachosema atakisikia na atakielewa. Nilimtazama yule mzee mwaminifu aliyenipa kila neno kama lilivyo, bila kupunguza wala kuongeza, kama nilivyomlazimisha. Nikatamani baba yangu awe pale badala yake, ameshika maiki, apunguze sauti ya mama yangu kwa kidole gumba, aniambie kwamba anashindwa kusema kwa kilio cha furaha, na anauliza nitafika lini.